Muulize Nahodha: Kwa tanga hadi Mafia na Kilwa

SWALI: Shikamoo nahodha. Tuko marafiki wanne, tunafanya kazi Kariakoo. Januari tunataka kukodi jahazi tutoke Dar, tupite Mafia hadi Kilwa, tuone papa potwe na magofu, kisha turudi nalo. Tuna likizo ya wiki moja. Mwenye chombo mmoja wa Msasani anasema inatosha. Ni kweli?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenda mtakwenda, shida ni kurudi.

Januari ni kaskazi. Upepo unawasukuma mgongoni hadi Kilwa, nahodha anakunywa kahawa mkono mmoja uko kwenye usukani. Kurudi ni joshi tupu: mnakata huku, mnakata kule, na jioni mnaiona minazi ileile mliyoiona asubuhi. Huyo wa Msasani ama hajawahi kurudi kutoka Kilwa mwezi huo, ama anataka hela yenu. Rudini kwa basi kutoka Kilwa Masoko. Daraja la Mkapa lipo Rufiji tangu 2003.

Na mimi, pamoja na kupenda tanga, nisingeanzia Dar. Pandeni gari Mbagala hadi Nyamisati, mvuke kwa boti hadi Kilindoni. Mashua mtaikodi Mafia, kwa watu wanaoijua miamba yao. Kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni cheti cha ukaguzi na mhesabu maboya ya kujiokolea. Chombo cha kubeba boriti kisiwabebe nyinyi.

Papa potwe wako palepale karibu na Kilindoni. Tokeni asubuhi bahari ikiwa shwari, msisubiri pezi. Tafuteni madoadoa meupe chini ya maji. Wengi wa hapo ni madume wachanga, ingawa uchanga wao ni wa mita kadhaa. Hula viumbe vidogo wanavyovichuja kinywani, watu hawana habari nao. Msiwaguse wala kuwakatia njia.

Kisiwani Chole mlale. Jioni popo wakubwa wanatoka mitini, jamaa zao wako Komoro. Hapo pia kuna majengo ya Wajerumani yaliyomezwa na mizizi. Waingereza waliichukua Mafia Januari 1915, na Julai mwaka huohuo ndege zilizoruka kutoka kisiwani zikaongoza mizinga iliyoimaliza manowari ya Wajerumani, Königsberg, ndani ya mto Rufiji.

Lakini kama ni pa kukaa mkasikiliza, ni Kua, magofu ya mji wa kale kisiwani Juani. Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia, walishusha jahazi jipya majini kwa kulipitisha juu ya watoto wa Kua. Kua wakanyamaza. Miaka ikapita, wakawaalika Kisimani harusini, karamu ikaandaliwa chumba cha chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmojammoja, akabaki mzee mmoja akiwazungumzisha wageni huku mlango unajengwa kwa mawe. Naye alijua hatoki. Mkiwa kati ya zile kuta za matumbawe mwambieni mwenyeji awasimulie yeye, mimi nimefupisha mno.

Kutoka hapo kaskazi iwapeleke Songo Songo, inakotoka gesi inayozalisha umeme Ubungo tangu 2004, kisha Kilwa. Lipieni kibali Masoko kabla ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu. Ibn Battuta alifika hapo 1331. Msikiti mkuu na Husuni Kubwa, jumba la sultani, vinataka siku nzima, na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, siku yake. Wengi hupiga picha mbili wakakimbilia basi. Sielewi wanalipia nini.

Sasa tarehe. Bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mashua ikikaa mchangani mtashinda juani mkingoja yajae. Pangeni mfike Chole mwezi mwandamo ukiwa saba au nane, maji yakiwa mafu. Wiki haitoshi. Ombeni siku kumi, na ile ya mwisho msiiahidi kazini.