Ninamiliki bastola hapa Texas: NRA wanachokiogopa hasa ni daftari

Mkuu, umesema umefika Dallas na grini kadi, wenzako kazini wanakushawishi ujiunge na NRA, na unashangaa chama hicho cha wamiliki wa silaha kinapinga kila sheria ya bunduki hata watoto wakiuawa madarasani. Unauliza kama ni pesa za viwanda tu. Mimi naishi Houston, nina bastola ndani, na nilikuwa mwanachama wao miaka mitatu kabla sijaacha kulipa ada. Naomba nikujibu kwa kirefu.

Pesa zipo, sikatai. Ila ukiishia hapo hutawaelewa. Kinachowakosesha usingizi ni daftari: kwamba serikali ikishajua nani ana bunduki gani na anakaa wapi, siku ikiamua kuzikusanya itajua mlango wa kugonga. Hayo nimeyasikia kwenye uwanja wa shabaha kutoka kwa wazee wastaafu wa jeshi, watu wema kabisa, ambao mke wangu alipojifungua walituletea chakula wiki nzima. Si wauaji wale. Wanaiamini hofu hiyo kwa dhati.

Na hofu hiyo imeingia hadi kwenye sheria. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilikataza serikali kuu kuanzisha daftari la bunduki. Katazo hilo utaliona ukinunua silaha. Unasimama kaunta unajaza fomu 4473: jina, anwani, urefu, uzito, ulipozaliwa (niliandika Songea, muuzaji akaniomba nimtamkie), umewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, unatumia bangi, na kwa sisi tusio raia, namba ya kwenye kadi. Muuzaji anaulizia FBI, wapelelezi wa serikali kuu, kama unaruhusiwa kununua. Mimi nilisubiri dakika kama saba nikiangalia mikanda ya ngozi ukutani. Ukipita, FBI wanatakiwa kuifuta rekodi yako ndani ya saa 24. Fomu inabaki kwenye faili za duka. Duka likifungwa, makaratasi yanapelekwa Martinsburg, West Virginia, na hata huko yamewekwa kwa namna ambayo huwezi kutafuta kwa jina la mtu. Wafanyakazi wanapekua kwa macho, ukurasa kwa ukurasa.

Hadi hapo nilikuwa nao. Tulipoachana ni kwenye maonyesho ya silaha. Meza moja ilikuwa ya muuzaji mwenye leseni, watu wanajaza fomu. Meza ya jirani mzee mmoja alikuwa anauza bunduki zake binafsi. Nikashika raifo ya kuwindia, nzito, kitako kimechubuka. Akaniuliza kama ni mkazi wa Texas, akatupia jicho leseni yangu ya udereva, akataja bei. Basi. Hakuna fomu, hakuna kuulizia FBI. Na hakuvunja sheria yoyote, maana sheria ya taifa inawabana wanaofanya biashara hiyo, siyo mtu anayepunguza vyake. Ningekuwa nimetoka jela kwa kumkata mtu panga, angejuaje? Nikairudisha mezani, na njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nawaza hilo.

Pengo hilo lilikaribia kuzibwa. Desemba 2012 waliuawa watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook. Aprili 2013 maseneta Manchin na Toomey wakaleta pendekezo kwamba mauzo ya kwenye maonyesho na mtandaoni nayo yapitie uchunguzi. Humo humo wakaandika kwamba ofisa atakayetumia rekodi hizo kutengeneza daftari afungwe hadi miaka 15. Yaani hofu ile ilijibiwa kwa maandishi! NRA wakapinga hata hivyo. Kura 54 za ndiyo, zilihitajika 60. Kinachoniuma ni kwamba mwaka 1999 kiongozi wao, Wayne LaPierre, alikuwa ameliambia Bunge kuwa kuchunguza kila mnunuzi kwenye maonyesho ni jambo la busara.

Waligeuka kwa nini? Kwa maoni yangu, wanaogopa wanachama wao. Kuna Gun Owners of America, walioanza miaka ya 1970, ambao NRA wakilegeza kamba tu wanawaita wasaliti. Baada ya mauaji ya shuleni Uvalde, hapa hapa Texas, seneta wetu John Cornyn alisaidia kuandika sheria ya 2022 inayoongeza uchunguzi kwa wanunuzi wenye chini ya miaka 21, akazomewa na mkutano wa chama chake mwenyewe cha siasa, Republican. NRA waliipinga hiyo pia. Na msimamo huu si wa tangu enzi: mwaka 1934 rais wa NRA, Karl Frederick, aliliambia Bunge kwamba kubeba silaha kunapaswa kubanwa vikali na kuwe kwa leseni.

Kwa hiyo kujiunga ni uamuzi wako, mafunzo yao ya usalama ni mazuri kweli. Ila ukinunua kisha siku moja ukataka kuuza, usimpe mtu mkononi kwenye maegesho. Mimi nilipouza ya kwanza nilimpeleka mnunuzi duka lenye leseni, akajaza fomu yake pale, tukalipa ada ya dola 30 nusu kwa nusu. Ilituchukua kama nusu saa.