Ukisoma haki jinai na programu muhula mmoja

Muhula niliosoma kozi ya haki jinai pamoja na utangulizi wa programu za kompyuta, nilikosea jambo moja kubwa: nilizisoma zote kwa namna moja. Haki jinai niliizoea upesi. Unasoma kesi, unatafuta hoja iliyoamua, unaiandika kwa maneno yako, mtihani ukikaribia unapitia daftari. Nikaifanyia Python, lugha ya kuandikia programu tuliyofundishwa, vivyo hivyo. Usiku mmoja nikamaliza sura tatu na kila mstari nikauelewa. Kesho yake, mbele ya kompyuta, kitanzi changu (yaani amri ya kurudiarudia hatua) cha kuhesabu kutoka 1 hadi 10 kilikuwa kinaishia 9. Kwamba Python haiifikii namba ya mwisho unayoitaja, nilikuwa nimelisoma jana yake tu.

Kwa hiyo programu iandike kila siku, hata kwa nusu saa, na uichape mwenyewe bila kunakili. Ikigoma, anza kusoma ujumbe wa kosa kwenye mstari wa mwisho, maana ndipo panapotajwa aina ya kosa.

Kilichonifaa zaidi ni kuyakutanisha masomo yenyewe. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza, wizi una vipengele vyake: mali imechukuliwa, ni ya mtu mwingine, mwenyewe hakuridhia, na aliyechukua alinuia kumnyima mwenye mali daima. Niliandika programu fupi ya kuuliza maswali hayo manne, lakini masharti nikayaunganisha kwa "au" palipotakiwa "na". Ikamtia hatiani mtu aliyechukua mwavuli wake mwenyewe! Nilikuwa nimekariri kwamba upande wa mashtaka lazima uthibitishe kila kipengele. Siku ile nikaona kinachompata mtu wasipofanya hivyo.

Niliporekebisha, likabaki swali la nne, la nia. Ile "ndiyo" ya kulijibu niliichapa mimi. Mahakamani nia hutafutwa kwenye ushahidi, ukapimwa mpaka isibaki shaka ya msingi, na kazi hiyo hufanywa na binadamu anayeweza kukosea. Ukikutana na programu inayodai kukadiria nani atarudia kosa, uliza kwanza nani aliijaza majibu, na aliyatoa wapi.

Kama muda unakuruhusu, jaribu na hili. Wachunguzi wa ushahidi wa kidijitali huipa faili alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, kwa mfano ile ya njia iitwayo SHA-256, yenye tarakimu na herufi 64. Python inaitoa kwa mistari michache. Tengeneza faili la maandishi, chukua alama yake, kisha futa nukta moja tu na uichukue tena. Ziweke mbili hizo sambamba: mfuatano wa pili hautafanana na wa kwanza. Mimi nilifuta nukta, nikairudisha, nikafuta tena, mpaka nikaelewa kwa nini faili lililoguswa linaweza kukataliwa mahakamani.