Kupima uaminifu wa kuruta

Ndugu, hakuna mtihani wa saikolojia unaosoma uaminifu wa kuruta moja kwa moja. Ukimuuliza kama anaipenda nchi yake, unadhani atajibu hapana? Ndiyo maana mwaka 1944 OSS, shirika la kijasusi la Marekani, liliwaangalia watahiniwa wakitenda. Mtu alipewa dakika 10 asimamishe fremu ya mbao kwa kuwaelekeza vibarua wawili, kumbe wametumwa wamkwamishe: mmoja mzembe, mwenzake mdomo mchafu. Hakuna aliyemaliza. Lakini hapo kilichopimwa ni uvumilivu na hasira. Mashine ya kunasa uongo nayo usiitegemee. Aldrich Ames, ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliipita 1986 na 1991 huku akiwauzia Wasovieti siri.