Maswali yenu: Nyota zangu zimetoka donge la ugali

SWALI: Salaam mwalimu. Niko Kisauni, Mombasa, nina kamera na lenzi ya 135mm ya mtumba. Juzi nilipanda kwa paa nikapiga kile kishada cha nyota, Omega Centauri, shata nikaiacha wazi sekunde 30. Kimetoka kama donge la ugali lenye mikia. Lenzi ndo mbovu ama?

JIBU: Wasalaam mdogo wangu. Lenzi usiitupe, haina makosa. Hiyo mikia ni dunia inazunguka, na kwa 135mm kamera ikiwa imesimama tu kwa stendi sekunde 30 ni nyingi mno, weka 2 tu, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, alafu piga kama picha 200 hivi mfululizo bila kuigusa kamera kwa mkono, kisha uzitie kwa kompyuta kwenye programu ya Siril, ni ya bure, itazipanga nyota juu ya nyota upate kama dakika 6 na nusu za mwanga. Fokasi fanya mwenyewe, kuza ile nyota kali, Alpha Centauri, kwa skrini mpaka iwe kidoti.

Donge la katikati litabaki kiasi. Pale kuna nyota kama milioni 10 zimebanana, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi, hata Edmond Halley, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, mwaka 1677 akiwa kisiwa cha St Helena aliona kama wingu tu. Utamu uko pembeni, nyota zinaanza kuachana moja moja kama mchele uliomwagika kwa sinia.

Watakwambia nunua mashine ya kufuata nyota. Sawa, lakini mashine hiyo lazima uielekeze kwa ncha ya kusini ya anga, pale nyota zinapozunguka, na huku kwetu ncha hiyo iko nyuzi 4 tu juu ya upeo, yaani nyuma ya ghorofa la jirani, sasa utailenga vipi?

Pesa hiyo panda nayo matatu. Ukiwa Kisauni ukitazama kusini unatazama juu ya taa za kisiwa chote! Vuka feri uende Tiwi, kule kusini, mji ubaki mgongoni, mwezi wa sita masika yakishapungua, saa mbili saa tatu usiku, tarehe 28 au 29 za Kiislamu ambapo mwezi haupo kabisa.

Na usitoke na kamera chumba cha AC ukaanza kupiga hapo hapo, iache kwa begi nusu saa kwanza. Mimi nishawahi kurudi nyumbani na picha 180 za umande.