Juisi ya tangazo inashuka taratibu na inavuja kwenye glasi, nafanyaje?

SWALI: Habari mtaalam. Nipo Igoma hapa Mwanza, nimepata kazi ya tangazo la sekunde 15 la juisi ya nanasi, kuna dada anatengeneza na kuuza kwenye chupa. Natumia Blender, ile programu ya kutengeneza picha na video za 3D, laptop yangu RAM ni 8. Nimeweka jagi linamimina kwenye glasi ila juisi inashuka taratibu mno, haina uhai kabisa. Halafu inavuja, inapita kwenye ukuta wa glasi. Nikipandisha rezolusheni laptop inakoroma usiku kucha na umeme ukikatika naanza moja. Nishauri, au ninunue kwanza mashine mpya?

JIBU: Salama mdogo wangu, hongera kwa kazi. Hiyo hela ya mashine itunze kwanza, kwa maelezo yako kinachokusumbua ni saizi. Ukifungua Blender lile boksi la mwanzo lina mita 2 kila upande, na wengi wanachonga glasi humo humo bila kuangalia vipimo, kwa hiyo wewe unaona glasi ila kompyuta inaona unajaza simtank. Na inakokotoa kwa haki kabisa, kitu kikianguka sentimita 20 kinatumia kama sekunde 0.2, kikianguka mita 2 kinatumia kama sekunde 0.64. Kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde hiyo ni fremu 5 dhidi ya fremu 16, ndo maana juisi yako inashuka kama imechoka.

Chagua glasi, bonyeza N, soma Dimensions. Glasi ya kawaida ina urefu wa sentimita 15 hivi, yaani isomeke 0.15. Punguza kila kitu kwa pamoja, jagi, glasi na domeini (lile boksi ambalo juisi inakokotolewa ndani yake), halafu Ctrl+A uchague Scale, hii usiiruke maana bila hiyo simulesheni, yaani ule mwendo wa juisi unaokokotolewa na kompyuta, inaweza kukuletea vituko ambavyo hutajua vimetoka wapi. Kama umeshaanimeti kila kitu na hutaki kugusa, ipo njia ya pili, ongeza Time Scale (kasi ya muda) kwenye domeini. Vitu vikiwa vikubwa mara 10 mwendo unapungua kwa kipeuo cha pili cha 10, ambacho ni kama 3.16, basi weka hiyo 3.16 utaona juisi imeamka. Mi napendelea ya kwanza kwa sababu hata taa na ukungu wa kamera vinakaa vizuri vitu vikiwa na saizi yake halisi.

Najua utaniuliza mbona matangazo ya soda kwenye TV kinywaji kinaruka taratibu na kinapendeza. Wale wanapiga kwa kamera zinazochukua fremu 1000 kwa sekunde na kuendelea halafu wanairudisha kwa mwendo wa kawaida, ila ukiitazama kwa makini utaona maji yanabaki na tabia ya kitu kidogo, ukingo wa mruko unajikunja, nyuzi zinakatika na kuwa matone ya duara. Hiyo ni kazi ya mvutano wa uso wa kimiminika, kwa maji ni kama 0.072 N/m, na kwenye Blender kuna sehemu yake imeandikwa Surface Tension. Anza na kidogo upandishe taratibu, ukiijaza ghafla simulesheni inatetemeka. Unene nao uangalie, Blender inaandika kwa namba mbili, Base na Exponent, maji ni 1 na 6, asali iliyowekwa tayari ni 2 na 3, kila Exponent ikishuka kwa 1 kimiminika kinakuwa kizito mara 10. Kwa juisi ya nanasi iliyochujwa ningebaki na 6 nikapandisha Base kidogo, kama yake ina nyamanyama ningejaribu 5. Mwendo wa kweli ukishaupata ndo uamue kupunguza Time Scale kwa makusudi, nusu au chini ya hapo.

Ila kabla hujarudi kwenye kompyuta nenda kwa huyo dada, mwombe amimine juisi yake kwenye glasi mara kadhaa na wewe urekodi kwa simu, slo mosheni kama simu inayo, ukiwa umekaa usawa wa glasi. Utaona mkondo unatoka mdomoni mwa jagi ukiwa mpana halafu unakonda kadiri unavyoshuka kwa sababu unaongeza kasi. Utaona ukigonga kitako cha glasi juisi inapanda upande wa pili wa glasi kabla haijatulia, na inaposhuka inaacha utando mwembamba kwenye kioo. Na nanasi lina povu lake bwana, lile jeupe la njano linakaa juu dakika kadhaa, ukilisahau hilo anayekunywa juisi ya nanasi kila siku atajua kuna kitu hakipo hata kama hawezi kukitaja. Hiyo video iweke pembeni ya skrini muda wote unaofanya kazi. Kuna watu wanafanya simulesheni ya kinywaji kwa kukumbuka tu na kazi zao zote zinafanana, juisi ya ukwaju, ya embe, ya pasheni, zote zinamwagika kama maji yaliyotiwa rangi, na kwa kweli inaniuma kwa sababu mteja analipia bidhaa yake ionekane yake.

Sasa kuvuja. Domeini inagawanywa vijiboksi, na Resolution Divisions ndo idadi ya vijiboksi kwenye upande mrefu. Domeini ya sentimita 40 ukiweka 128, kila kijiboksi kina milimita 3 na kidogo. Ukuta wa glasi yako tuseme una milimita 2. Kwa hiyo ukuta wote umemezwa ndani ya kijiboksi kimoja, kompyuta haioni kizuizi, juisi inapita. Usihangaike kupandisha rezolusheni kwa ajili hiyo. Tengeneza chombo kingine cha siri chenye umbo lilelile kwa ndani lakini ukuta wake kwa nje una unene wa sentimita 1 nzima, kifanye hicho ndo Effector, yaani kizuizi cha juisi, kizimie alama ya kamera kisionekane kwenye picha, na ile glasi nzuri nyembamba itoe kabisa kwenye simulesheni ibaki ya kuonekana tu. Jagi lifanyie hivyohivyo. Kama bado inapenya pale mkondo unapogonga kwa nguvu, ongeza Timesteps Minimum, hapo kila fremu inakokotolewa kwa hatua ndogondogo na juisi haipati nafasi ya kuruka ukuta.

Kuhusu laptop, ukitoka 64 kwenda 128 hujaongeza mara mbili, vijiboksi vimekuwa mara 8, na hatua za kukokotoa nazo zinaongezeka. Fanya majaribio yote kwa 64 mpaka mwendo ukuridhishe, halafu ya mwisho ndo upandishe. Domeini ibane, izunguke glasi na mkondo basi, hewa tupu pembeni inakula RAM bure. Na wala usifanye simulesheni ya sekunde 15 zote! Tangazo lako lina fremu 375, juisi kumiminika inatosha sekunde 3, fremu 75, zilizobaki ni chupa, lebo, namba ya simu ya dada na glasi iliyotulia.

Umeme: hifadhi faili lako kwanza kabla ya kubeki (kuiacha kompyuta ikokotoe simulesheni na kuihifadhi), elekeza keshi, yaani hayo mahesabu yaliyohifadhiwa, kwenye folda iliyo pembeni ya faili na siyo ile ya muda mfupi, aina ya keshi weka Modular, na weka tiki kwenye Is Resumable kabla hujaanza. Katikati ya kubeki uwe unasimamisha kwa Esc, unahifadhi faili, halafu unabonyeza Resume kuendelea, maana faili ambalo hujalihifadhi halikumbuki ulipofika umeme ukikatika. Kwenye kurenda (kutoa picha za mwisho) pia usitoe video moja kwa moja, toa picha za PNG fremu kwa fremu, ondoa tiki kwenye Overwrite, ukiwasha tena inaruka zilizokwisha. Video unaiunga mwishoni.

Ukimaliza mwendo ndo uje kwenye rangi. Juisi ya nanasi haipitishi mwanga kama kioo cha njano, ina ukungu ndani, kwa hiyo tumia Volume Scatter kidogo au Subsurface, zinazotawanya mwanga ndani ya kitu. Namba ya kupinda mwanga kwa maji ni 1.33, sukari inaipandisha, juisi weka 1.35, glasi 1.5. Meshi (umbo) ya juisi iingie kidogo sana ndani ya ukuta wa glasi, ukiacha upenyo wa hewa katikati utaona mstari unaong'aa kama kioo cha kujitazamia na juisi itaonekana inaelea. Kwenye kurenda tumia injini ya Cycles. Taa kubwa iweke nyuma ya glasi kwa pembeni kidogo, mwanga upite ndani ya juisi ndo uje kwenye kamera. Kama unataka nyuma paonekane nyumbani, nenda Kamanga, kule kwenye kivuko, jioni jua likielekea ziwani, piga picha ya maji na mawe uiweke nyuma kwa ukungu, mwanga wa saa kumi na mbili pale unaendana kabisa na rangi ya nanasi.

Anza na vipimo na kile chombo cha siri leo, beki kwa rezolusheni ya 64, halafu nitumie hicho kipande pamoja na video ya simu uliyorekodi kwa dada, niviangalie vyote viwili kabla hujagusa 128.