Jarida la barua pepe kwa mwandishi: ruhusa kwanza, kisha barua ya kujibika

Ndugu mwandishi wa Uyole, umesema una anwani za barua pepe kama mia mbili za watu walionunua kitabu chako Mwanjelwa na Iringa mjini, na unataka kuwaandikia kila mwezi bila barua kuangukia kwenye spamu, yaani folda ya barua taka.

Mtu kukuachia anwani anaponunua kitabu hajakubali kupokea jarida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zitumike kwa lengo alilolijua mwenyewe. Watumie barua moja fupi ya kuomba ruhusa, asiyejibu mwache. Kwenye daftari la mauzo ongeza safu ya kukubali, na msomee mnunuzi anwani yake papo hapo. Mwandiko mbaya huzaa anwani zisizofika, na zikiwa nyingi unaonekana mtuma taka.

Usijaze watu kwenye Cc, sehemu ya nakala, wataonana wote. Hata Bcc, inayoficha anwani za wapokeaji, haifai: Gmail ya bure hukomea wapokeaji 500 kwa siku, na haimpi msomaji njia ya kujiondoa. Tumia huduma ya mtandaoni ya kutuma majarida, ila mtumaji asiwe anwani ya @gmail.com, kwani barua inayodai kutoka Gmail huku ikitumwa na seva nyingine hutiliwa shaka. Nunua domeini yako, yaani jina lako la mtandaoni, ya .co.tz inatosha, kisha nakili rekodi za SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) na DKIM (saini ya kidijitali ya barua) unazopewa na huduma hiyo kwenye DNS, mipangilio ya domeini yako. Ongeza DMARC, rekodi inayosema barua zisizopita ukaguzi huo zifanyweje, ukianza na p=none, yaani zisizuiwe kwanza. Wengi hukwama hapa: domeini ikiwa tayari na SPF ya barua pepe za kawaida, wanaweka ya pili, na zote mbili zinabatilika. Ziunganishe ziwe mstari mmoja.

Sasa barua yenyewe, ambayo ndiyo kazi hasa. Jambo moja kila mwezi, maneno 300 hadi 400. Mpe msomaji kisichomo kitabuni: aya uliyoifuta na sababu ya kuifuta, au kwa nini tukio la Tukuyu uliliweka masika. Malizia kwa swali linalojibika kwa sentensi moja, mfano: huyu binti arudi Makete au abaki mjini? Wakijibu, wajibu mwenyewe, kila mmoja. Bila hilo ni tangazo tu.

Ukibandika kutoka Word, bandika maandishi matupu. Msimbo uliojificha huinenepesha barua, na Gmail huikata ikizidi KB 102, kiungo cha kujiondoa kikafichika. Picha moja ndogo inatosha; watu wana bando la kuhesabu.

Idadi ya waliofungua usiitegemee. Tangu 2021 programu ya barua ya iPhone inaweza kupakua picha yenyewe hata mtu asiposoma, na upakuaji huo huhesabiwa kama barua imefunguliwa. Hesabu majibu.

Kitabu kipya kikitoka, andika bei, namba ya malipo, na miji ambako kifurushi kitashushwa na basi: Makambako, Mafinga, Njombe. Msomaji ajibu kwa jina la mji wake na simu ya kupokelea mzigo.