Kupiga picha viboko wa Kisumu katikati ya wavuvi na boti

Ndugu uliyeleta swali, umesema uliona picha za simba-bahari wa San Francisco wamejilaza juu ya gati huku watalii wamejaa kando, ukauliza kama hapa Kisumu mtu mwenye kamera ya kawaida na lenzi ya milimita 300 anaweza kupata picha za mnyama wa mwituni namna hiyo bila kwenda mbugani. Wengi wamekujibu "nenda Hippo Point, kodi boti". Jibu hilo ni sawa, ila limeacha mambo yanayoamua kama utarudi na picha, na kama utarudi mzima. Nimepiga picha viboko wa ghuba hii kwa miaka mingi, kwa hiyo univumilie nikieleza kwa kirefu.

Wale simba-bahari walianza kujazana Pier 39 mwishoni mwa 1989, wakatwaa gati za boti na watu wakawaachia. Mchana wanaota jua, unamwona mnyama mwili mzima. Na hata wao, mwongozo wa serikali ya Marekani unakutaka ukae angalau yadi 50 kutoka walipo, yaani kama mita 46. Kiboko ana ratiba ya kinyume. Mchana yuko majini akikinga ngozi yake na jua, usiku ndipo anatoka kula majani nchi kavu. Kwa hiyo unachopiga mchana ni masikio, macho na matundu ya pua, basi. Mgongo ukijitokeza, shukuru.

Kiboko mzima anaweza kukaa chini ya maji kama dakika 5. Hapo ndipo wageni wengi wanapoharibu. Kundi likizama wanamwambia nahodha asogee, wanafika juu kabisa ya mahali wanyama walipokuwa, na injini inanguruma. Kiboko hatembei juu ya maji, anakanyaga chini ya ziwa, na huwezi kujua ataibukia wapi. Ngoja pale pale ulipo. Weka kamera jichoni, fokasi iwe kwenye jicho la mnyama wala si sikio lililo karibu nawe, kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde kwa sababu boti inayumba hata ziwa likiwa tulivu. Akiibuka atapuliza maji puani na kutikisa masikio, matone yaruke. Hiyo ndiyo picha. Inatokea kwa muda mfupi sana, lakini itajirudia akiibuka tena, mradi hujamfukuza.

Kuhusu mwanga nitasema mengi kidogo, maana Kisumu ina bahati ambayo watu hawaitumii. Ufuo wa Hippo Point na Dunga unatazama magharibi. Wageni wote wanakuja jioni kwa ajili ya machweo, na machweo ni mazuri kweli, lakini kiboko anageuka kuwa doa jeusi kwenye maji yanayong'aa. Njoo alfajiri. Jua linachomoza karibu saa 12 na nusu, na kwa kuwa tuko kwenye ikweta saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. Ukisimama ufuoni, jua liko mgongoni pako na linamwangazia mnyama usoni. Ile rangi ya waridi kwenye mashavu na kando ya macho inaonekana vizuri. Ukiwa kwenye boti, ukageuka kutazama ufuo, unapata kinyume chake: mafunjo yako gizani, jua linatokea nyuma yake, na pumzi ya kiboko inawaka dhahabu. Punguza mwangaza wa kamera kidogo, kama theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwangaza kwenye kamera), la sivyo ngozi yake yenye maji itaungua iwe nyeupe. Tena asubuhi ziwa limetulia. Kuelekea adhuhuri upepo wa ziwani unaanza kuvuma, mawimbi yanasimama, na lenzi ndefu inakuwa mzigo tu. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani. Ndani ya boti inabeba kila mtikisiko. Mikono, na viwiko vimeegemea mbavu, vinatosha.

Sasa kelele. Watu huniuliza kama wanyama hawa hawajahama kwa sababu ya shughuli zote hizi. Saa moja asubuhi Dunga ina mitumbwi ya omena (dagaa wa ziwani) inarudi na taa zake, akina mama wanapokea samaki, boda zinapiga honi, muziki unatoka vibandani. Na kiboko yuko pale kwenye mafunjo. Watafiti waliofanya kazi Msumbiji, ambao matokeo yao yalichapishwa 2022, waliwasikilizisha viboko sauti zilizorekodiwa, za kundi lao wenyewe, za majirani na za wageni wa mbali. Sauti ya mgeni ndiyo iliyowachochea zaidi, mpaka wakatapanya mavi kwa ukali. Huyu ni mnyama anayesikiliza na kutambua. Niliyoyaona ghubani yanakwenda njia hiyo: mtumbwi wa makasia unaopita njia yake ya kila siku hauwashtui, lakini boti inayozunguka, ikasimama, ikarudi nyuma, ikasogea tena, inawafanya wote wageuze vichwa. Wamezoea watu wanaopita. Kufuatwa hawajazoea.

Ndiyo maana nawaomba sana wapiga picha wenzangu, na nasema kwa uchungu kwa sababu naliona jambo hili kila msimu wa likizo: msikubali boti yenu ishindane na nyingine kusogea. Boti tatu zikijipanga nusu duara, wanyama wamebanwa kati yenu na mafunjo, na njia yao ya kwenda kina kirefu imezibwa. Kiboko akiogopa hukimbilia majini kwenye kina, na aliyemzibia njia ndiye atakayekutana naye. Mpaka wangu ni mita 50, na nikiona ndama naongeza. Mama mwenye ndama hajadiliani na mtu.

Jifunze kumsoma. Ule mwayo ambao kila mtu anautaka kwenye picha, mdomo wazi na meno nje, mara nyingi si usingizi, ni onyo. Ukiuona mara moja kwa mbali, piga na ufurahi. Akiurudia huku anakutazama wewe, au akiinua kichwa na mabega juu ya maji, akakoroma kwa nguvu, kisha akazama akielekea upande wako na maji yakavimba mbele yake, picha imeisha. Mwambie nahodha aondoke taratibu. Nahodha mzuri atakuwa ameanza kuondoka kabla hujasema. Mnapongoja, injini izimwe lakini ibaki ndani ya maji, tayari kuwashwa. Na kabla ya kuizima, mtazame gugumaji liko wapi. Magugu haya yamekuwa yakisumbua ziwa tangu miaka ya 1990, na upepo unayahamisha kama visiwa. Yakijisogeza nyuma yenu na kuinasa propela, mmefungiwa pamoja na wanyama.

Nchi kavu nina neno moja tu. Jioni giza likiingia, ondoka kwenye njia zao kati ya maji na majani. Agosti 2018 kule Naivasha mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko wakati akipiga picha karibu na maji. Mnyama wa zaidi ya tani moja anakimbia kuliko wewe, na flashi usoni haimsimamishi.

Limebaki jambo ambalo najua wengi humu hawatakubaliana nami. Picha nyingi za viboko wa Kisumu zimekatwa kwa ustadi ili zionekane zimepigwa pori lisilo na mtu. Mtumbwi umeondolewa pembeni, nguo zilizoanikwa zimefutwa, minara ya simu imefichwa. Mimi naona hapo ndipo picha yetu inapopotea. Kichwa cha kiboko pekee kwenye maji unaweza kukipiga Mara au Naivasha, tena kwa ukaribu zaidi. Kiboko aliyeibuka mbele, na nyuma yake mvuvi amesimama ndani ya mtumbwi anakunja nyavu bila hata kugeuka, utampata hapa. Hiyo ndiyo hali halisi ya ghuba: wawili wanaogawana maji yaleyale, wakijuana na kuogopana. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika na kumeza ufuo, mnyama na binadamu walisukumwa karibu zaidi, na wavuvi ndio waliobeba hatari hiyo. Kuwafuta kwenye picha ni kutowatendea haki.

Kwa hiyo usivute lenzi hadi mwisho kila mara. Rudi milimita 100 au chini yake, panga kiboko kwenye theluthi ya chini, subiri mtumbwi uingie nyuma yake. Hata simu inafanya kazi hii vizuri, kuliko kuivuta mara 10 upate ukungu. Watu unaowapiga waombe ruhusa kwanza: "Mama, naomba nikupige picha ukipanga samaki" inafungua milango mingi, na ukinunua omena au ngege wake hutakuwa mgeni tena. Akikataa, shukuru upite.

Ukifika Dunga, uliza ofisi ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo huo, wakuonyeshe nahodha anayevua hapo hapo, kwa sababu huyo anajua kundi lilikuwa wapi jana na lina ndama wangapi. Bei mpatane mkiwa bado nchi kavu. Mwambie wazi kwamba hutaki kusogezwa karibu na hutamlipa zaidi kwa kusogea. Wengi hukaribia kwa sababu wateja wanataka hivyo. Vaa jaketi la kuokolea maisha kabla ya kupanda, uwe na mfuko wa plastiki wa kamera, na mkitoka saa 12 asubuhi mtakuwa mmerudi kabla upepo haujaanza. Kama alfajiri haina viboko, muombe akupitishe kando ya mafunjo polepole: kuna ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano anayeishi humo humo, na kwa lenzi yako ya 300 huyo utampata.